Chensoo ya CC 58 inakata kamba na kupiga mkono: kisa kizima, toka kwenye stata mpaka kwenye flaiwili

Mashine yenyewe ni chensoo (msumeno wa injini wa kukatia miti) ya Kichina ya CC 58, yani ukubwa wa injini, zile zilizojaa huku kwetu Mafinga mkoani Iringa, imeletwa na jamaa anaekata milingoti (mikaratusi) na mipaina kwenye mashamba ya watu binafsi huko vijijini Mufindi, magogo yanashushwa barabarani yanapasuliwa na ding dong, zile mashine za kupasulia mbao, palepale. Malalamiko yake mafupi tu, kamba ya kuwashia inakatika. Anaweka mpya, inapiga kazi siku kadhaa inakatika tena, na kazi inasimama wakati watu wa ding dong wanasubiri magogo na wanadai posho yao ileile.

Kabla haijafika kwangu ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu. Kwanza waliweka kamba ya kuanikia nguo, ikaisha haraka. Wakanunua kamba yenyewe ya stata ile ya naironi iliyosukwa, ikakatika. Mtu wa spea akawaambia stata nzima imechoka nunueni seti, wakanunua seti, kava na puli na springi na mshikio vyote vipya, na hiyo nayo ikakata kamba na mshikio ukapasuka. Hapo ndo wakaja kwangu wakitaka niwawekee kamba "ngumu zaidi", na jamaa alikuwa amebeba kabisa kipande cha kamba nene ya kufungia mizigo, anauliza kama hii inafaa.

Naandika kwa kirefu kwasababu hii kitu naiona sana, mtu anabadilisha kamba wee anabadilisha stata wee, na mashine inaendelea kuumiza mtu. Na huyu alikuwa ameshaumia. Kijana anaeendesha ile mashine kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi kwenye kucha, hakikunji vizuri. Mshikio ulipopasuka porini walifunga kijiti kwenye kamba, na kwakuwa kijiti kinateleza akawa anaizungusha kamba kwenye ngumi alafu ndo anavuta. Nikamwambia pale pale, mdogo wangu usizungushe kamba mkononi hata siku moja, hata kama mashine ni nzima, hata kama una haraka kiasi gani. Mshikio ukikuponyoka wewe unabaki na mkono wako mzima, kamba iliyozungushwa kwenye vidole haikuachii.

Nianze na kamba maana ndo shahidi wa kwanza, na watu huwa wanaitupa. Kamba ya chensoo ikikatika usitupe kile kipande, kiangalie kimekatikia wapi na kimekatikaje.

Ikiwa imechakaa nyuzi nyuzi kwa urefu kama sentimita kumi hivi karibu na mshikio, na zile nyuzi zimekaa upande mmoja, huyo mtu anavuta kwa kupinda, kamba inasugua kwenye bushi ya pale inapotokea kwenye kava. Bushi yenyewe ukiipitisha kidole utakuta imechimbika mfereji, na mfereji una ukali kama kisu. Hapo ukiweka kamba mpya bila kugusa bushi umepoteza hela. Ikiwa imekatikia kwenye fundo la ndani kwenye puli, mtu anavuta kamba yote mpaka mwisho alafu anaongeza nguvu, kamba haina pa kwenda, mzigo wote unaishia kwenye fundo. Ikiwa imeyeyuka, imekuwa ngumu na inang'aa sehemu moja, hiyo mara nyingi ni kamba ya plastiki isiyo ya kazi hiyo, zile za kuanikia nguo, msuguano mdogo tu zinalainika.

Na ikiwa imekatika ghafla, mahali ambapo kamba bado ni nzima haijachakaa, nyuzi zimevutika zikakatika kwa urefu tofauti tofauti, hapo kuna kitu kimeivuta kwa kishindo. Ndo nilichokiona kwenye hii. Kipande walichokuja nacho kilikuwa bado kipya, rangi inaonekana, kimekatika sentimita chache tu toka kwenye mshikio, na mshikio umepasuka kuanzia pale ndani fundo linapokaa, yani fundo limeuvuta ule plastiki kwa kuuingiza ndani ya kava. Mkono wa mtu unavuta kwenda nje, kwahiyo lazima kuna nguvu nyingine imevuta kwenda ndani kwa wakati huohuo. Nikafungua kava, nikakuta kikucha kimoja kwenye flaiwili kimemeguka ncha.

Kwa wasiojua ndani kukoje, niseme kidogo. Ile kava ya pembeni yenye matundu ya hewa imeshikwa na skrubu nne, nyingi ni za nyota T27 au za alenkii. Ndani ya kava kuna puli ya plastiki ambayo kamba imejizungushia, nyuma ya puli kuna springi ya bati iliyojikunja, hiyo ndo inarudisha kamba ndani ukiachia. Puli ina meno katikati. Upande wa injini kuna flaiwili, lile gurudumu zito lenye mapezi lililofungwa kwenye ncha ya shafti ya injini, na kwenye mashine kama hii flaiwili ina vikucha viwili vyenye vispringi vidogo. Mashine ikiwa imesimama vispringi vinasukuma vikucha ndani vinakamata meno ya puli, ukivuta kamba unazungusha flaiwili na pistoni. Injini ikiwaka vikucha vinafunguka vyenyewe kwa kasi ya mzunguko, vinaachana na puli. Husqvarna nazo ziko hivo vikucha viko kwenye flaiwili, Stihl wao kikucha wamekiweka kwenye puli yenyewe, lakini kazi ni moja.

Sasa shika hapa maana ndo msingi wa kisa chote. Vikucha vikiwa vimekamata, puli na flaiwili ni kitu kimoja. Ukivuta kamba unazungusha injini. Na injini ikizunguka kinyumenyume inavuta kamba. Kwahiyo injini ikipiga nyuma hata robo mzunguko wakati wewe bado unavuta, kamba inavutwa pande mbili kwa mpigo, na kinachokatika ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote, kamba au mshikio au kikucha au kidole cha mtu. Ukiweka kamba nene isiyokatika, kama alivyotaka jamaa, umeondoa kamba kwenye orodha, umebakisha mkono.

Nikamuuliza yule kijana, ikikatika inakuwaje, unasikia nini? Akasema "fundi inanirusha mkono, kama kuna mtu ndani anainyang'anya". Na hairushi kila mara, ikiwa ya moto inarusha zaidi kuliko asubuhi ikiwa ya baridi. Bosi wake akadakia kwamba ni kwasababu mashine ina kompresheni (mgandamizo wa pistoni) kubwa bado mpya mpya. Hapana, kompresheni kubwa inafanya kamba iwe nzito kuvuta, unakwama, mkono unagoma, lakini haikunyang'anyi. Kukwama na kunyang'anywa ni vitu viwili tofauti, na ukimuuliza mtu vizuri atakuambia ni kipi.

Nikaweka kamba ya muda kwenye kava lao la zamani ili nipime. Vipimo vyenyewe havihitaji kifaa chochote cha kupimia na yeyote anaweza kuvifanya. Kwanza toa plagi kabisa, vuta kamba. Ikiwa inavutika laini na inarudi yote, stata yenyewe nzima na ndani ya injini hakuna kinachokwama. Hii ilivutika laini. Alafu rudisha plagi, lakini swichi iwe imezimwa, vuta tena mara kadhaa. Sasa unavuta na kompresheni yote ila hamna moto wa plagi. Ikikupiga mkono hapa, labda silinda imejaa petroli au kuna kitu kimeshika. Haikunipiga, inavutika inavyotakiwa. Mwisho washa swichi, weka mguu kwenye mshikio wa nyuma, breki ya cheni imefungwa, vuta ukiwa umeshika mshikio kwa ncha za vidole tu ili ukinyang'anywa uachie. Nikavuta, mara mshikio ukachomoka ukarudi kwenye kava kwa kishindo, paa.

Swichi imezimwa haipigi, swichi imewashwa inapiga. Tofauti ya hizo hali mbili ni moto wa plagi peke yake, hakuna kitu kingine kilichobadilika. Kwahiyo moto unakuja wakati sio wake, unakuja mapema mno wakati pistoni bado inapanda, mchanganyiko unawaka unaisukuma pistoni irudi ilikotoka. Injini ikiwa kwenye kasi kubwa ni kawaida moto uje mapema kidogo, nyuzi 25 mpaka 30 hivi za mzunguko kabla pistoni haijafika juu, kwasababu kasi ni kubwa na uzito wa flaiwili unaivusha pistoni. Lakini mkono wa mtu unazungusha taratibu, moto ukiwahi zaidi ya hapo pistoni haivuki, inarudishwa.

Na kwenye chensoo hizi hamna sehemu ya kurekebisha taimingi, yani wakati wa moto kupiga, imepangwa kiwandani moja kwa moja. Kuna sumaku kwenye flaiwili na kuna koili pembeni yake, sumaku ikipita kwenye koili moto unapiga. Flaiwili imekaa kwenye ncha ya shafti ambayo ni koni, na kuna kii ndogo inayohakikisha flaiwili imekaa kwenye pembe yake. Kwenye hii ilikuwa kii ya nusu mwezi imekaa kwenye mfereji wa shafti, kwenye mashine nyingine kii imeumbwa pamoja na flaiwili yenyewe. Ili taimingi ibadilike, karibu mara zote ni flaiwili imehama. Basi nikaenda moja kwa moja kwenye flaiwili.

Kufungua nati ya flaiwili unahitaji injini isizunguke. Wengi huwa wanachomeka bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili, wanavunja pezi alafu mashine inatetemeka mpaka beringi zinakufa. Toa plagi, geuza flaiwili taratibu mpaka pistoni ivuke tundu la ekzosi ikiwa inapanda, alafu ingiza kipande cha kamba safi kwenye tundu la plagi, ingiza ya kutosha, ubaki na mkia nje. Pistoni itaibana kamba juu na haitoki. Kwanini ivuke tundu la ekzosi kwanza, ni kwasababu ukiingiza pistoni ikiwa chini kamba inaweza kuchungulia kwenye tundu, pistoni ikipanda inaikata na vipande vinabaki ndani.

Niliposhika nati kwa spana nilijua. Ilifunguka bila nguvu, karibu kwa vidole. Flaiwili ikatoka bila kugongwa, na flaiwili iliyokaa vizuri kwenye koni haitokagi hivo, unarudisha nati mpaka isawazike na ncha ya shafti unagonga kidogo kwa nyundo laini ndo inaachia. Ndani kwenye koni kulikuwa na oili, na unga wa kutu ule mwekundu mwekundu unaotokea vyuma viwili vikisuguana, na kii ilikuwa imeliwa upande mmoja, imekatika nusu ya unene wake na ile nusu ya juu imesogea mbele. Ukiishika mkononi unaona kabisa ngazi.

Jinsi ilivyosogea ukiangalia kwa macho ni kama milimita 1 tu, na jamaa aliponiona namuonyesha akasema sasa fundi hiki nacho ndo cha kuvunja kidole? Piga hesabu. Shafti pale penye koni ni kama milimita 10 unene wake, mzunguko wake wote ni milimita 31 na kidogo. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, kwahiyo milimita 1 ni zaidi ya nyuzi 11. Kama moto ulikuwa unakuja nyuzi 28 kabla, saivi unakuja karibu nyuzi 40 kabla. Nyuzi 11 kwenye taimingi ni nyingi mno, injini hiyo ukiikimbiza inafanya joto sana na hata pistoni inaweza kuchubuka. Na kule kurusha zaidi ikiwa ya moto kunaeleweka pia, silinda ya moto inawasha mchanganyiko haraka na vizuri zaidi kuliko ya asubuhi yenye baridi.

Nikauliza, hii flaiwili nani aliwahi kuitoa? Bosi akafikiri akasema kuna kipindi mashine ilikuwa inavuta hewa, slo (muungurumo wa chini) haitulii, fundi mmoja akabadilisha oili sili, ule mpira unaoziba kwenye shafti, ya upande ule. Basi ndo hapo. Huwezi kutoa oili sili ya upande wa stata bila kutoa flaiwili, na wakati wa kurudisha koni haikufutwa oili na nati ikakazwa kwa kubahatisha. Watu wanadhani kii ndo inashikilia flaiwili. Kii inaonyesha tu mahali pa kukaa, kinachoshikilia ni koni na koni kubanana, na zinabanana kwa nguvu ya nati. Koni ikiwa na oili na nati ikiwa legevu, kila injini ikisimama ghafla flaiwili yenye uzito inataka kuendelea mbele, kii inakula mzigo usio wake mpaka inakatika. Ndo maana ilisogea mbele, upande wa kuwahisha moto. Alafu ikishaanza kupiga nyuma, kila ikipiga inaitafuna zaidi, na mwenye mashine anaona kamba tu inakatika.

Kurekebisha kwenyewe hakukuwa kugumu. Kii mpya ya nusu mwezi ya saizi ileile, usichonge ya kwako kwa msumari au kwa bati la kopo nimeshaona watu wanafanya hivo, chuma laini kinakatika upya na chuma kigumu sana kikija kugoma kinapasua mfereji wa shafti, na shafti ni injini nzima kufungua. Niliukagua mfereji wa shafti na wa flaiwili, kingo zilikuwa bado zimesimama, nikaondoa tu vijino kwa msasa mlaini. Koni zote mbili nikazifuta kwa petroli na kitambaa safi mpaka kitambaa kikawa hakichafuki, kavu kabisa, hamna grisi hamna oili. Nikaweka flaiwili, nati nikakaza kwa spana ya kipimo. Nati za M8 kwenye chensoo nyingi ziko kati ya Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 na 35, angalia kitabu cha mashine yako kama unacho. Kama huna spana ya kipimo azima, hii sehemu haitaki makadirio.

Koili nayo lazima ipangwe upya ukishatoa flaiwili. Gepu kati ya koili na sumaku ni kama milimita 0.3, kadi ngumu ya biashara ina unene unaokaribia hapo, iweke katikati, legeza skrubu za koili sumaku iivute yenyewe, kaza, toa kadi, zungusha kwa mkono uone haigusi popote. Kikucha kilichomeguka nikabadilisha pamoja na kispringi chake, maana kikucha chenye ncha mbovu kinashika nusunusu kinateleza, kikiteleza katikati ya kuvuta unajikuta umeanguka kwa nyuma.

Ndo nikaja kwenye kamba sasa, ambayo ndo kitu walichonileteagi toka mwanzo.

Ile seti mpya waliyonunua ilikuwa bado nzima ukiacha mshikio na kamba, springi safi, bushi safi. Kamba nilitumia ya naironi iliyosukwa, milimita 3.5, urefu nikapima na mabaki ya kamba iliyokuja na seti, inakuwa kama mita moja kasoro. Unene usibadilishe kwa kujisikia. Kamba nene kuliko inavyotakiwa ikijizungusha kwenye puli inajaa, mzunguko wa mwisho unasugua kwenye kava, kamba hairudi yote. Nyembamba sana inateleza inaingia pembeni ya puli inajibana huko. Na ndefu sana ni mbaya kwa springi, springi ina mwisho wake, kamba ikiwa bado inatoka wakati springi imeshafika mwisho unaikata springi. Ile ya kufungia mizigo ya jamaa nikamrudishia akafungie mizigo.

Ncha zote mbili unachoma kwa kiberiti cha gesi mpaka nyuzi zishikane, unazibana zikiwa za moto na kitambaa ziwe nyembamba zipite kwenye tundu. Kabla ya kutoa puli hakikisha springi haina mvuto, kamba ikishakatika inakuwa imeshalegea yenyewe, lakini springi bado imefungiwa nyuma ya puli na ukiinyanyua puli vibaya inaruka, bati lile lina makali, linakata uso na jicho. Miwani vaa, na inyanyue puli taratibu huku unaitikisatikisa kidogo ili springi ibaki kwenye nyumba yake. Kwenye hizi za Kichina puli imeshikwa na skrubu moja katikati, kwenye Stihl ni kaklipu kadogo ka waya, hako usikapoteze kwenye majani. Hapo ndo nafasi ya kusafisha vumbi la mbao, na kwenye mhimili wa puli weka tone dogo la oili. Usijaze grisi, unga wa mbao ukichanganyika na grisi unakuwa ugali.

Kamba inapita kwenye bushi toka nje, inaingia kwenye tundu la puli, fundo, fundo linakaa kwenye kitako chake lisitokeze. Upande wa pili mshikio, fundo tena, vuta kwa nguvu lijikaze kabla hujaliamini. Alafu mvuto wa springi, hapa ndo wengi wanachemka. Kwenye ukingo wa puli kuna kikato. Zungushia kamba kwenye puli, acha kitanzi kipite kwenye kile kikato, shika kitanzi zungusha puli upande uleule inaozunguka ukivuta kamba. Vitabu vya Stihl nyingi vinasema mizunguko 6, hizi CC 58 za Kichina mara nyingi 3 au 4 inatosha. Shika puli isirudi, vuta mshikio nje kamba inyooke, achia taratibu ijizungushe yenyewe.

Sasa kagua. Mshikio ukae umebana kwenye kava, usilegee ukaning'inia pembeni, ukining'inia ongeza mzunguko mmoja. Alafu vuta kamba yote mpaka mwisho, uishike, na kwa mkono mwingine jaribu kuzungusha puli mbele, lazima iende angalau nusu mzunguko zaidi. Ikigoma springi imekazwa mno, punguza mzunguko mmoja, la sivyo siku yoyote mtu akivuta mpaka mwisho springi inakatika. Hiki kipimo cha nusu mzunguko ni cha sekunde chache na ndo kinachotofautisha stata ya kukaa na stata ya kurudi kwa fundi.

Wakati wa kurudisha kava usikaze skrubu kwanza. Isogeze kava ikae, vuta kamba kidogo usikie vikucha vimekamata, ndo ukaze nne zote kwa kupishana.

Nikampa kijana awashe mwenyewe, maana ndo anaeishi na hii mashine. Alikuwa anaogopa, anavuta huku amekunja uso, mkono umerudi nyuma. Nikamwambia iweke chini, usiwashe ukiwa umeining'iniza hewani kama mnavyofanyaga, cheni inaweza kuzunguka ikakukuta kwenye goti. Mguu wa kulia kwenye mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto umenyooka kwenye mshikio wa mbele, breki ya cheni mbele. Vuta taratibu kwanza mpaka usikie imekamata, kutoka hapo ndo vuta kwa haraka, ukinyoosha juu bila kuipindisha kamba kwenye bushi, usiimalize yote, na kurudi isindikize kwa mkono usiachie ikajipiga. Ikawaka. Ikazimwa, ikawashwa ikiwa ya moto, ikawaka tena bila kurusha, na uso wake ukakunjuka.

Nikaangalia na sababu za kuvuta mara nyingi, kwasababu mashine inayowaka kwa mivuto michache inatunza kamba kuliko kitu chochote. Plagi ilikuwa imejaa masizi meusi yenye oili. Wanachanganya oili kwa macho, mwagia mwagia mpaka petroli ibadilike rangi. Nikawachorea mstari kwenye chupa, oili nzuri ya 2T ya moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, kama chupa ya oili au kitabu kinasema moja kwa ishirini na tano basi ni mililita 40. Filta ya hewa ikafuliwa, plagi mpya gepu milimita 0.6. Na asubuhi za Mufindi mwezi wa sita na wa saba, ukungu na baridi ile, choki ivutwe, ila ikishakohoa mara ya kwanza rudisha choki. Wengi wanaendelea kuvuta na choki imefungwa, silinda inajaa petroli, kamba inakuwa nzito, wanavuta kwa hasira, na hapo bushi na kamba ndo vinaumia.

Kitu kinachoniuma kwenye hiki kisa ni yule mtu wa spea kuuza seti nzima bila kuuliza kamba inakatikaje. Na fundi wa oili sili pia, maana alikuwa na spana mkononi na nati ilikuwa mbele yake. Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, mteja akikuletea kamba ya chensoo iliyokatika muulize swali moja tu kabla hujafungua skrubu, mashine inakukwamisha au inakunyang'anya. Akisema inanyang'anya usimuwekee kamba mpya ukamruhusu aondoke, fungua flaiwili kwanza hata kama anakuambia ana haraka, hata kama hela ya kazi inaongezeka na anaanza kulalamika. Mimi huyu nilimwambia wazi kwamba nisipofungua flaiwili siweki kamba.

Kijana nilimwambia aende hospitali ya hapa mjini wakapige picha kile kidole, bosi wake akamlipia. Kulikuwa na ufa kwenye mfupa, wakamfunga, kazi ya kukata akashika mwenzake mpaka kilipopona.

Mashine nilitaka niione tena baada ya kufanya kazi, kwasababu nati iliyowahi kulegea siiamini mpaka niikague. Walipoileta kunoa cheni nikatoa kava nikaweka spana ya kipimo kwenye nati, haikusogea. Kamba ilikuwa ileile, imeanza kuchafuka kwa vumbi la mbao tu, bushi haina mfereji. Kava lao la zamani nikalisafisha nikaliwekea kamba ya akiba, wanalo kwenye begi la porini pamoja na bisibisi ya T27.